Panya amepona, je wewe?

Kijiweni Kariakoo, mzee tunayekunywa naye kahawa alisoma kwenye simu kwamba dawa fulani imewaponya panya. "Basi kijana, dawa imeshapatikana," akaniambia. Mimi ni mtu wa maabara, kunyamaza nikashindwa.

"Ikimfaa panya, itatufaa."
Inategemea huyo panya umemuuliza nini. Kimelea cha malaria kinachoua zaidi hapa kwetu, Plasmodium falciparum, hakistawi ndani ya panya wa kawaida. Wa maabara huambukizwa Plasmodium berghei, kilichogunduliwa kwa panya pori wa Katanga mwaka 1948. Kwa kuchuja dawa changa, anatosha. Kwa kujua kinga ya mtu itafanyaje, hatoshi, na ndiyo maana mwaka 2012 Watanzania waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi huko Bagamoyo, chini ya uangalizi wa madaktari. Halafu panya hatapiki! Dawa ya kuzuia kutapika utaipimaje kwake? Hapo huchukuliwa fereti, mnyama wa jamii ya kicheche, ambaye pia hupata mafua makali ya binadamu na kupiga chafya kama sisi.

"Basi watumie sokwe, ndugu yetu."
Sokwe walioambukizwa VVU ni nadra kuugua UKIMWI. Undugu huo umesaidia nini? Aliyesaidia kwenye ukoma ni armadilo wa Amerika, mwenye gamba mgongoni, asiyefanana nasi hata kidogo. Mwili wake una ubaridi wa nyuzi 32 hadi 35 hivi, na bakteria wa ukoma hupenda ubaridi. Kwetu pia hushambulia vidole, pua na masikio.

"Isipomdhuru mnyama, ni salama."
London, mwaka 2006, wanaume sita walipewa TGN1412, dawa ya majaribio iliyolenga seli za kinga, wote wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Kima walikuwa wamepewa kipimo mara 500 ya kile bila shida. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya seli za kinga za kima hazina kipokezi kilicholengwa, yaani mahali dawa inaposhika kwenye seli.

"Na ikimuua mnyama, itupwe?" mzee akauliza. Nikamtajia simbilisi, wale wanaofugwa Nyanda za Juu Kusini. Penisilini huwaua kwa kuvuruga bakteria wa matumbo yao. Lakini watafiti wa Oxford mwaka 1940 walipoijaribu kama tiba walianza na panya wanane, si simbilisi.

"Kumbe ni bahati," akasema, akaongeza kashata.