Baiskeli yako, atakayeichukua si wewe wa alfajiri

Kila ninapopita kati ya safu za baiskeli alfajiri ya triathloni, naona watu wakipanga vifaa kana kwamba watakaokuja kuvichukua ni wao wenyewe walivyo pale. Wameshakunywa chai, macho yametulia, taulo wanazikunja pembe kwa pembe. Mtu huyo hatakuja. Atakayekuja ni mwingine, aliyelala kifudifudi majini nusu saa nzima, akasimama ghafla na kuanza kukimbia. Kichwa kinamzunguka, masikio yamejaa maji, vidole vimenywea kama vya dobi. Ukimuuliza jina lake atakujibu. Ukimuuliza baiskeli yake iko wapi, atafikiri kwanza.

Mimi ni fundi wa baiskeli, na hapa Mombasa nina vijana wachache ninaowanoa kwa mchezo huu. Kazi yangu ya asubuhi ya mashindano ni moja: kumpunguzia yule mtu wa kutoka majini mambo ya kuamua.

Kwa asiyeujua mchezo, ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mfululizo, saa ikihesabu tangu mwanzo hadi mwisho. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 majini, 40 barabarani na 10 za kukimbia. Katikati pana uwanja wenye uzio tunaouita transishoni, baiskeli zote zimetundikwa humo. Unapita mara mbili: ukitoka majini kuchukua baiskeli, kisha ukirudi kuiacha. Muda unaoupoteza humo ni wako, hakuna atakayekurudishia.

Naanza na gia, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika. Baiskeli hutundikwa kwenye bomba kwa ncha ya siti, gurudumu la mbele likigusa ardhi na la nyuma likining'inia. Hapo fundi amerahisishiwa kazi: unazungusha pedali kwa mkono huku unabadilisha gia, na mnyororo unahama bila mtu kupanda. Wengi huileta baiskeli kama walivyoiacha jana wakiwa mteremkoni, meno makubwa mbele, na nyuma yale madogo kabisa. Ukiondokea hapo na miguu bado ni ya kuogelea, utayumba kama mlevi, na ukilazimisha gia ibadilike huku unakanyaga kwa nguvu zote, mnyororo unaruka. Kama njia inaanza na mlima, mimi naweka meno madogo mbele na katikati nyuma. Kama ni tambarare kama Nyali, mbele yanaweza kubaki makubwa, lakini nyuma nasogeza kwenye meno makubwa zaidi mpaka pedali iwe laini kuliko unavyopenda. Ndiyo maana nawapeleka kuitazama njia mita mia mbili za mwanzo kabla ya kugusa gia yoyote. Pale Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambako Ironman 70.3, triathloni ya masafa marefu, ilifika mwaka 2022, mji umekaa chini ya vilima, na ukiinua macho tu umeshapata jibu.

Kijana wangu mmoja aliwahi kunijibu, "Kochi, gia iko sawa, umeifunga wewe mwenyewe jana." Kweli nilikuwa nimeifunga. Nikamwambia azungushe. Mnyororo ukawa unakwaruza kwenye gia tatu za juu, na ya nne unairuka kabisa. Baiskeli ilikuwa imesafiri juu ya gari ikiwa imelalia upande wa mnyororo, na ule mkono wa nyuma unaohamisha gia ulikuwa umepinda kwa ndani kama upana wa ukucha. Simama nyuma ya baiskeli utazame: mkono huo uning'inie wima, sambamba na meno yaliyo juu yake. Ukielekea kwenye spoku, usijaribu gia ya mlimani kabisa, kwa sababu ndiyo itakayoupeleka mkono ndani ya gurudumu, na mashindano yako yataishia hapo.

Wakati gurudumu bado liko hewani lizungushe usikilize. Aliyevua magurudumu ili baiskeli iingie kwenye buti, kama ana breki za diski, huenda pedi zimesogea na zinaikamata diski. Kwa breki za kubana rimu, tazama ule wenzo mdogo wa kufungulia breki. Tunaufungua ili tairi lipite, kisha hakuna anayekumbuka kuufunga. Baiskeli itakwenda vizuri sana, mpaka kona ya kwanza.

Upepo. Hapa nabishana na watu kila mara. Wanajaza mpaka tairi linalia kama ngoma kwa sababu wameambiwa gumu ndiyo kasi. Tairi la milimita 28 kwenye lami yetu yenye viraka halihitaji hivyo. Kwa mtu wa kilo sabini hivi, mimi huanzia kwenye psi 75, kile kipimo cha upepo kwenye pampu. Halafu kuna jua. Ukijaza psi 80 saa kumi na moja alfajiri, joto likiwa nyuzi 25, na tairi likafika nyuzi 55 juani, kipimo kitasogea karibu na 90 bila mtu kugusa pampu. Katika mashindano marefu baiskeli mara nyingi hulazwa uwanjani siku moja kabla. Hapo punguza upepo jioni, kisha asubuhi uje na pampu. Wenye tyubu za lateksi, zile za mpira mwembamba, hawana hiari, zinavuja zenyewe usiku kucha hata kama hazina tundu.

Sasa suala la mahali. Mashindano yangu ya kwanza nilijiona mjanja. Jirani yangu alikuwa na baiskeli nyekundu, nyekundu ya kuumiza macho, nikajiambia nitaifuata hiyo. Nilitoka majini nikakimbia safu nzima, nikarudi, nikakimbia tena. Nyekundu haikuwepo. Mwenyewe alikuwa anaogelea vizuri kuliko mimi, alikwisha kuondoka zamani! Mwishowe mhudumu mmoja mama wa makamo, akiwa na kikombe cha chai mkononi, aliniuliza, "Mwanangu, namba yako si hiyo hapo?" Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Alama yako basi iwe kitu kisichoondoka: mti, nguzo ya taa, lango lenyewe. Usitegemee kufunga puto au kitambaa kirefu, sheria za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinakataza kuweka alama mahali pako na waamuzi wataiondoa. Mimi nawatembeza vijana kwa miguu kutoka mlango wa majini hadi kwenye baiskeli, wakihesabu safu kwa sauti. Kisha nawatembeza tena kutoka mlango wa kuingilia na baiskeli, ambao mara nyingi uko upande mwingine, na hesabu inabadilika. Wanaona haya watu wakiwatazama. Waone tu.

Helmeti naiweka juu ya usukani, kichwa chini, mbele yake ikikuelekea wewe, mikanda imetandazwa nje pande zote mbili. Ukiishika na kuipindua inakaa kichwani ikiwa imeelekea panapotakiwa. Miwani iwe ndani yake, imeshafunguliwa. Kufuli ya mkanda ifungwe kabla hujaishusha baiskeli kwenye bomba, na isifunguliwe mpaka baiskeli imerudi kwenye bomba. Hii ni sheria, na ina adhabu. Vidole vilivyolowa vinahangaika sana na kufuli hiyo, kwa hiyo tunafanya mazoezi nyumbani mikono ikitoka kwenye ndoo.

Ukishaishusha, unakimbia nayo mpaka kwenye mstari wa kupandia. Kaa upande wa kushoto, mnyororo uko kulia, na ishike kwenye siti badala ya usukani. Ukiilaza kidogo inakata kona yenyewe, na pedali haikugongi muundi. Usipande mpaka umevuka mstari. Jonathan Brownlee, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mchezo huu, alipanda mapema mno kwenye Olimpiki ya London 2012 akapewa adhabu ya sekunde 15, akasimama kuitumikia wakati wa kukimbia. Bado alichukua shaba, lakini miguu yangu na yako si ya Brownlee.

Kuhusu viatu kufungwa kwenye pedali kwa mipira, kama wanavyofanya wa kwenye televisheni: mtindo huo ni mzuri, na umewaangusha watu wengi. Kama hujapanda hivyo mara hamsini kwenye uwanja mtupu, vaa viatu ukiwa umesimama. Na kama baiskeli yako ni ya mtumba yenye pedali za kawaida, vaa raba zako za kukimbilia tangu mwanzo na uzifunge kwa lastiki. Ukirudi hutabadilisha kitu chochote, na wenye viatu vya bei utawaacha wamechuchumaa.

Kurudi ndiko kunakochekesha. Uliuacha uwanja umejaa baiskeli, unaukuta una mapengo au umejaa upya, na unaingilia mlango mwingine. Shuka kabla ya mstari wa kushukia, hesabu safu zako, tundika, hata kwa usukani ukipenda. Kisha ondoa helmeti. Vijana wangu wawili wameshakimbia kilomita nzima nayo kichwani, na mmoja mpaka leo hataki nilitaje jambo hilo mbele ya mkewe.