Hajainua hata kijiko

Wiki iliyopita tena. Mama mmoja kaondolewa ziwa na tezi za kwapa kwa ajili ya kansa, wiki ya 6 sasa, mkono kaubana ubavuni kama kashikilia kipimajoto, halafu wifi yake ananiambia kifua mbele, "dokta tumemtunza huyu, hajainua hata kijiko." Mi siyo dokta, ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, na nilinyamaza kwanza maana ningejibu palepale tungekosana.

Jamani. Huko siyo kutunza, huko ni kumgandisha bega. Kesho yake tu baada ya oparesheni, dreni, ule mrija wa kutolea majimaji ya kidonda, bado inaning'inia, nataka afumbe na kufumbua kiganja, akunje kiwiko, ale mwenyewe. Kupandisha mkono juu ya usawa wa bega ndo tunasubiri dreni itoke, ukiharakisha majimaji yanajaa chini ya kidonda. Dreni yenyewe wengi wanaitoa ikishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24, kwa hiyo ndugu kila asubuhi andika imetoka ngapi na rangi gani. Homa, au kidonda kuwa chekundu na cha moto, rudi hospitali usiningoje mimi. Dreni ikishatoka vidole vinatambaa ukutani kupanda juu, weka alama ya penseli, kesho aipite.

Kwa nini nawasukuma? Mionzi. Watu wanakuja kulijua hili wakishafika Ocean Road, hospitali ya kansa Dar: kwenye mionzi ya kifua kwa kawaida unalazwa mkono umeinuliwa juu ya kichwa na unatulia hivyohivyo. Bega limeganda utauinuaje? Unarudishwa kwangu, tunaanza kuvutana huku siku zinakwenda, na aliyekuwa anamlisha uji ndo analia kuliko mgonjwa.

Sasa kinachonikera kuliko vyote, "akiutumia utavimba". Siyo uongo mtupu, tezi zikitolewa maji ya limfu yanakosa njia na mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Hata sisi wenye fani zamani tulikuwa tunawaambia wasibebe kitu kizito, basi. Ila 2009 Kathryn Schmitz na wenzake Marekani walitoa utafiti wa wanawake 141 ambao mkono ulikuwa tayari umevimba, kundi moja likanyanyua vyuma, wakianza na vyepesi mno na kuongeza polepole chini ya uangalizi, na mikono haikuvimba zaidi ya wale wasionyanyua, tena waliozidiwa ghafla walikuwa wachache kwa wanyanyuaji. Hiyo "polepole" ndo dawa yenyewe na ndo neno ambalo hakuna anayelisikia! Namwambia mtu atumie mkono, keshokutwa nasikia katwanga kisamvu cha shughuli nzima. Dada, nilisema kikombe, kisha sufuria ndogo, kisha ufagio, ndoo ya lita 20 iache kwanza.

Na ile kamba inayovuta kutoka kwapani kwenda kiwikoni, ngumu kama waya wa gitaa chini ya ngozi, siyo mshipa uliokatika wala siyo kansa imerudi. Inatokea sana, tunainyoosha, mara nyingi inalegea yenyewe ndani ya miezi michache.

Ya sindano na kupima presha mkono ule sasa, hapa najikuna kichwa. Kwenye kadi naandika "usitumie". Lakini 2016 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Marekani, walifuatilia wagonjwa wao na hawakuona uhusiano wa vitu hivyo na kuvimba. Bado naandika, sijui ni tahadhari au mazoea, kwa vile mkono wa pili upo. Aliyeondolewa pande zote mbili akiniuliza apimwe wapi, jibu langu linakuwa na kigugumizi.

Yule wifi nimempa kazi nyingine, mwiko kulisha, asimame mlangoni ahesabu tu mazoezi, mara 10 asubuhi, 10 jioni. Jana kanitumia voisi: "Dokta, leo kajichana mwenyewe. Ila njia imepinda, nimrekebishie au niache?"

Acha.