Mwingiliano wa dawa: kwa anayemeza vidonge vya sonona

Mwingiliano wa dawa ni dawa moja kuibadilishia nyengine kazi yake mwilini: kuizidishia nguvu, kuipunguzia, au zote mbili kulimbikiza madhara. Watu husema dawa zimegombana. Lakini mara nyengine hazigombani hata kidogo. Zinasaidiana kupita kiasi, na balaa liko hapo.

Tuseme mtu ameandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, kwenye spitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja. Dawa hiyo huongeza serotonini, kemikali inayopeleka habari baina ya seli za ubongo. Kisha mgongo ukamuuma, akapata vidonge vya tramadoli kwa jirani. Tramadoli nayo huongeza serotonini. Ikifurika, mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, misuli hukakamaa, huweweseka. Huyo apelekwe spitali usiku huohuo. Hatari ya degedege nayo hupanda. Na ajabu yake, fluoksetini huzuia ini kuigeuza tramadoli iwe na nguvu yake kamili, kwa hivyo mgongo huenda usipoe, naye akaongeza kidonge cha pili!

Diklofenaki na ibuprofeni, nazo dawa za maumivu, zina kisa chengine. Zikiandamana na fluoksetini au ndugu yake sertralini, tumbo huwa rahisi zaidi kutoka damu. Choo cheusi kama lami si cha kupuuzwa. Kwa maumivu ya kawaida, panadoli kwa kipimo chake ina salama zaidi.

Amitriptilini ndiyo inayojificha. Bibi wa Chake Chake mwenye sukari hupewa kwa maumivu ya miguu inayochoma, wala hajui kuwa ni dawa ya sonona ya tangu zamani. Akianzishiwa fluoksetini juu yake, amitriptilini hupanda kwenye damu. Akinywa na dawa ya mafua yenye klofeniramini, usingizi humlemea, mdomo hukauka, pengine hata mkojo hufunga.

Wako wanaodhani ugomvi wote ni wa tumboni, basi Ramadhani hula moja baada ya futari na nyengine wakati wa daku. Haisaidii kitu hapa, maana fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa hata baada ya kuachwa (na kuiacha ni kwa shauri la daktari). Kuna aina ya dawa za sonona ambayo mgonjwa haanzishiwi mpaka zipite wiki 5 tangu kidonge cha mwisho cha fluoksetini. Ukiulizwa kwenye dirisha la dawa unatumia dawa gani, itaje na ile uliyoiacha mwezi uliopita.