Mbegu za Bibi na mwaka wa Scania

Bibi yetu tulimzika mwezi wa nane, kijijini, wilaya ya Sikonge. Wasifu wake niliuandika mimi, usiku wa matanga, kwa mwanga wa simu: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto tisa, ameacha wajukuu na vitukuu. Penye kazi niliandika "mkulima na mama wa nyumbani". Ulisomwa ukaisha chini ya dakika tatu. Mimi ni mtaalamu wa mbegu, ndiyo kazi inayonilisha, na kwenye karatasi ile sikuandika hata neno moja kuhusu mbegu zake. Inaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Shamba lilijulikana kuwa la Babu. Tumbaku, bani la kukaushia, hela za msimu, vyote vilikuwa vyake. Lakini mbegu za mahindi, kunde, karanga na njugumawe zilikuwa za Bibi, na Babu akizitaka alikuwa anaomba. Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Ukivuna Mei au Juni, mbegu inatakiwa ikae hai mpaka mvua zirudi, na muda wote huo kuna watoto wenye njaa na wadudu wenye njaa.

Mahindi ya mbegu aliyachagua yakiwa bado yamesimama shambani. Alipita kwenye matuta na vitambaa vya kanga kuukuu, akifunga shina hapa, shina pale. Ya pembezoni hakuyafunga. Lile lililonawiri karibu na jalala hakulifunga pia, ingawa ndilo lililobeba hindi kubwa kuliko yote, na sisi watoto tulimwona anaacha mali. Nilikuja kuelewa chuoni. Mahindi huchavushwa na upepo, kwa hiyo ya pembezoni hupokea chavua nyingi ya shamba la jirani. La jalalani limebebwa na mbolea, huwezi kujua uzao wake ukoje. Bibi alitaka mmea uliobanana na wenzake kwenye kichanga kilekile na bado ukabeba vizuri. Tena alifunga mashina mengi, kwa sababu mahindi yanayozalishwa kutoka mashina machache hudhoofika kizazi hadi kizazi.

Kunde alizichanganya na majivu yaliyochekechwa. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, mdudu anashindwa kupenya kwenda kutaga, na yanamkwangua ngozi mpaka anakauka. Njugumawe ziliingia kwenye kibuyu, mdomo ukazibwa kwa gunzi na nta ya nyuki. Wadudu waliobaki ndani humaliza hewa wakafa. Mifuko isiyopitisha hewa tunayoihimiza leo inafanya kazi hiyohiyo. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, Mama anakumbuka kwamba vibuyu hivyo Bibi alivibeba kichwani mwenyewe, hakuviweka na vyombo vingine.

Kisha akaja Scania. Ndivyo wanavijiji walivyomwita dumuzi, mdudu mdogo wa milimita tatu au nne, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwanza hapa mkoani Tabora, na taarifa zake zikachapishwa mwaka 1981. Bibi, kama wanawake wote wa kwetu, aliweka mahindi kihengeni yakiwa na maganda yake. Kwa fukusi wa kawaida ni njia nzuri, maana ganda lililobana vizuri humzuia. Dumuzi hazuiliki hivyo. Anapenda punje iliyoshikwa na gunzi, kwa sababu isipochezacheza anapata pa kujikaza akiitoboa. Miezi michache tu, na mahindi ya kihengeni yanaweza kupoteza hadi theluthi ya uzito. Mama anasema walipofungua kihenge chao, unga ulimwagika kama umetoka mashineni. Na makopa ya muhogo, ambayo ndiyo yalikuwa akiba ya mwisho, nayo yalikuwa yametobolewa.

Mbegu zilipona. Zilikuwa zimening'inia juu ya mafiga, nyeusi tii kwa masizi, kwenye moshi na ukavu ambao wadudu hawaupendi.

Mabwana shamba walipokuja kushauri watu wapukuchue mahindi kwanza, kisha wayachanganye na dawa ya unga, wengi walisita. Kupukuchua kihenge kizima kwa mikono ni kazi ya siku nyingi, na maganda ndivyo walivyofundishwa na mama zao. Bibi alianza jioni ileile. Mahindi ya chakula akayapukuchua yote, ya mbegu akayaacha kwenye moshi. Alitenganisha vitu viwili ambavyo mafunzo ya siku ile hayakuvitenganisha. Mimi nimesoma miaka mingi, na uamuzi kama ule sijauona mara nyingi.

Siku ya arobaini, shangazi alikiteremsha kibuyu kutoka darini. Aliibandua nta kwa kisu, ikatoka harufu ya moshi na asali. Akanipimia viganja viwili vya njugumawe: nyeupe, nyekundu, na zile zenye madoa.

"Hizi si za kuchemsha, mwanangu."

Nimekwisha kupata robo eka ya kichanga nje ya mji wa Tabora. Mvua zikishika, naanza matuta.