Maji ya Nile na maisha ya Misri ya kale: yanayosemwa na yaliyokuwa

“Gharika ya Misri ilitoka Ziwa Viktoria.”

Huku kwetu hili husemwa sana, na lina chembe tu ya ukweli. Nile Nyeupe, ile inayotoka ziwani pale Jinja, hutiririka mwaka mzima bila kupanda wala kushuka sana, na karibu nusu ya maji yake hupotelea kwenye kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini. Gharika yenyewe ilishuka kutoka Ethiopia. Mvua za Juni hadi Septemba zilijaza Nile ya Bluu na Atbara, na kilele kilipofika mito hiyo miwili ilileta takriban asilimia 90 ya maji yote, pamoja na karibu tope lote. Maji ya maziwa yetu yalifaa zaidi baada ya hapo, kwa kuufanya mto usinywee mno wakati wa kiangazi.

Huko Aswan, kusini mwa Misri, maji yalianza kupanda Juni, yakafikia kilele mwishoni mwa Agosti au Septemba, kisha yakapungua kuanzia Oktoba. Ndiyo maana mwaka wa Wamisri ulikuwa na misimu 3 ya miezi 4 kila mmoja: gharika, kuota na mavuno. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, ndilo lililokomesha mzunguko huo.

“Mto ulifanya kazi yote, mkulima alitupa mbegu tu.”

Wageni waliopita kutazama ndio waliovumisha hili. Bonde lilikatwakatwa kwa matuta ya udongo, mithili ya majaruba ya mpunga lakini makubwa kupita kiasi. Maji yaliingizwa kwa mifereji hadi kina cha mita 1 au 1.5, yakazuiwa kwa siku 40 hadi 60, ndipo tuta likakatwa ili yaende jaruba la chini au yarudi mtoni. Hapo mbegu zilimwagwa juu ya tope bichi na kondoo au mbuzi wakapitishwa wazikanyage zizame.

Ugumu ulikuwa kwenye muda. Ukiyaachia maji mapema, ardhi haijashiba, na kwa kuwa mvua hakuna, ngano inakauka kabla ya kukomaa. Ukichelewa, unapanda nje ya msimu na joto linakukuta shambani. Faida nyingine haikuonekana kwa macho: maji yalipoondoka yaliondoka na chumvi, na hilo limechangia sana ardhi ile kulimika kwa maelfu ya miaka bila kuharibika.

Tena gharika haikuwa neema kila mwaka. Kina kilipimwa kwa dhiraa, na dhiraa moja ya kifalme ilikuwa kama sentimeta 52. Pliny, Mroma wa karne ya 1 BK, ameandika kwamba dhiraa 12 zilimaanisha njaa na 16 zilimaanisha shibe. Tofauti hiyo ni kama mita 2 tu. Yakizidi mno, yalibomoa matuta, nyumba na maghala ya mbegu.

“Waliishi kwenye majumba ya mawe na kuwaza kifo tu.”

Mawe yalikuwa ya mahekalu na makaburi. Nyumba za watu, hata ikulu ya mfalme, zilijengwa kwa matofali mabichi: tope la mto, mchanga na makapi ya nafaka, yaliyokaushwa juani. Makapi yalizuia tofali lisipasuke likikauka. Nyumba hizo zilikuwa bondeni, kwa hiyo zimefukiwa na tope, zimejengewa juu yake, au wakulima wamezichimba kupata mbolea. Makaburi yalikuwa kwenye jangwa kavu, yakadumu. Basi tunaowajua vizuri ni wafu wao, kwa sababu walizikwa pakavu.

Kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina kimesalia kwa sababu hiyohiyo: kiko jangwani, mbali na mto, hata maji ya kunywa yalipelekwa kwa punda.

“Karatasi ya mafunjo ilifumwa kama mkeka.”

Hapana. Bua bichi lilimenywa ganda la kijani, moyo mweupe ukachanwa vipande vyembamba. Vikapangwa safu moja ya wima, juu yake safu ya mlalo, vikagongwa au kugandamizwa vingali na maji. Utomvu wake wenyewe ulivishikamanisha. Kisha karatasi ilikaushwa na kusuguliwa kwa jiwe laini. Bua likishakauka kabla ya kugandamizwa halishiki tena. Gundi ya unga ilitumika baadaye, kuunganisha karatasi, kwa kawaida 20, ziwe gombo moja. Mafunjo pori yalikaribia kutoweka kabisa Misri. Kuyaona yakiwa msitu, nenda Naivasha au kingo za Ziwa Viktoria.

“Ngamia walikuwepo tangu enzi za piramidi.”

Mzigo ulibebwa na punda na mashua. Farasi waliingia zaidi ya miaka 800 baada ya piramidi za Giza, na ngamia walienea karne nyingi baada ya farasi. Viboko, kinyume na wengi wanavyodhani, walikuwepo tele na walikula mazao usiku.

“Piramidi zilijengwa na watumwa.”

Ilikuwa kazi ya lazima kwa serikali, aina ya msaragambo usiokataliwa, chini ya mafundi wa kudumu. Si watu huru wa kujitolea, lakini si watumwa wa minyororo pia. Makaburi ya wafanyakazi yamechimbwa Giza tangu 1990, na baadhi ya mifupa ina mivunjiko iliyofungwa vizuri ikaunga sawasawa.

Ushahidi mkubwa zaidi ulipatikana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu: kumbukumbu za kazi za Merer, msimamizi wa kikosi cha watu wapatao 40 zama za Khufu, mfalme aliyejengewa Piramidi Kuu ya Giza. Walipakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, ng'ambo ya mto, wakavuka nayo kwa mashua hadi Giza, safari 2 au 3 kila siku 10, katika miezi ambayo gharika iliyaleta maji karibu na piramidi. Ndizo karatasi za mafunjo zenye maandishi zilizo kongwe kuliko zote zilizowahi kupatikana, na sehemu kubwa ya maandishi yake ni hesabu za safari na posho ya chakula.