Jaji Hatakuchagulia Katibu Mkuu

Wanachama wengi wa vyama vya wafanyakazi huikumbuka katiba ya chama chao mambo yakishaharibika: katibu kasimamishwa, uchaguzi unapingwa, ada imepanda ghafla. Wanakwenda mahakamani wakitarajia jaji aseme nani anafaa kuongoza. Hatasema, na ni vyema asiseme. Ibara ya 3 ya Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, inawapa wafanyakazi haki ya kujitungia katiba na kuchagua viongozi wao kwa uhuru kamili, na inazitaka mamlaka za umma zisiiminye haki hiyo.

Kazi ya jaji ni kufungua katiba mliyoipitisha wenyewe na kuuliza kama mliifuata. Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, katiba ya chama huhesabiwa kuwa mkataba baina ya wanachama, na viongozi nao wamo.

Tazama kesi ya Edwards dhidi ya Halliwell, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1950. Kanuni za chama cha waundaji wa magari zilisema ada haitabadilishwa mpaka wanachama wapige kura na theluthi mbili wakubali. Mkutano wa wajumbe ukaipandisha bila kura hiyo, na wanachama wawili wakashtaki. Chama kilijitetea kuwa hayo ni mambo ya ndani, walio wengi ndio wenye uamuzi. Mahakama ilikataa. Ikiwa wingi wa kawaida unatosha kubariki kilichohitaji theluthi mbili, sharti hilo liliandikwa kwa ajili ya nani?

Kesi nyingi za aina hii husimama au huanguka kwa mambo yanayoonekana madogo: notisi, akidi, daftari la wanachama hai. Kipengele ninachokihofia zaidi ni kile cha mwisho kwenye ajenda, "mengineyo". Mweka hazina anasimamishwa saa kumi na moja jioni chini ya "mengineyo", nusu ya wajumbe wameshaondoka, na yeye mwenyewe hakupewa barua ya tuhuma wala nafasi ya kujibu. Huenda kweli alikula fedha. Hata hivyo, uamuzi wa namna hiyo ni rahisi kubatilishwa, na mkosaji anarudi ofisini kwa amri ya mahakama kwa sababu tu wenzake walikuwa na haraka. Mawakili wa chama katika kesi hiyo hulipwa kwa ada za wanachama. Hilo huniuma.

Kabla ya kufungua shauri, soma kifungu cha rufaa. Mara nyingi mahakama hutaka kujua kwanza kama umemaliza ngazi za ndani, na muda wa kukata rufaa huko huwa mfupi. Lakini usizubae: ukihitaji zuio la uchaguzi, liombe kabla ya kura kupigwa, maana kuwatoa viongozi walioshaingia ofisini ni kazi ngumu zaidi.

Omba kwa maandishi nakala ya katiba inayotumika sasa, muhtasari wa kikao na orodha ya mahudhurio yenye saini. Barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ubaki nayo.