Je, wajua kwa nini Manmohan Singh aliwaambia wanahabari kuwa anaiachia historia imhukumu?

Tarehe 3 Januari 2014, mjini New Delhi, mzee wa miaka 81 mwenye kilemba cha samawati aliketi mbele ya waandishi wa habari. Waziri Mkuu wa India, Manmohan Singh, alikuwa amebakiza miezi michache madarakani, na maswali yalikuwa yaleyale: ufisadi, bei kupanda, udhaifu wake. Akajibu kwa sauti yake ya chini, ile inayokulazimu utege sikio, kwamba anaamini historia itamtendea wema kuliko vyombo vya habari vya wakati ule.

Kwani walimfanyia nini? Walimwita "Maunmohan", wakichezea neno la Kihindi "maun", yaani kimya. Julai 2012 jarida la Time lilimweka kwenye jalada la toleo lake la Asia, likimtaja kuwa kiongozi aliyefanya pungufu ya uwezo wake.

Lawama hizo hazikuzuka hivi hivi. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta leseni 122 za masafa ya simu zilizotolewa na wizara iliyoshikwa na chama rafiki katika serikali yake ya muungano. Hata wakosoaji wake wengi hawakudai kwamba yeye alijitajirisha. Walichomlaumu ni kuona ufisadi na kunyamaza. Mwenyewe alieleza mwaka 2011 kwamba serikali ya muungano hudai kuvumiliana, na jibu hilo kwangu halitoshi: waziri mkuu ndiye mwenye nyumba.

Lakini kuna jambo linalosahaulika mno. Sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2005 ilipitishwa chini yake. Mhindi wa kawaida analipa rupia 10, anaandika ombi, na ofisi ya serikali ina siku 30 za kumjibu. Wanaharakati na waandishi waliishika sheria hiyo wakafukua mafaili, na mengine yakaiumbua serikali iliyowapa jembe.

Tena huyu ndiye waziri wa fedha aliyesimama bungeni tarehe 24 Julai 1991 na kusema wazi kwamba akiba ya fedha za kigeni inatosha kununua bidhaa za nje kwa wiki mbili tu. Mwezi huohuo dhahabu ya nchi ilikuwa ikisafirishwa kwenda kuwekwa rehani Uingereza. Akaondoa vibali vilivyokuwa vikivibana viwanda vingi, na uchumi ukafunguka. Kabla ya hapo, kuanzia 1987 hadi 1990, alikuwa Geneva, katibu mkuu wa Tume ya Kusini, jopo la nchi zinazoendelea, chini ya uenyekiti wa Mwalimu Julius Nyerere. Mwalimu alimkabidhi kazi ya kupanga hoja za nchi maskini, na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyomfaa kuliko jukwaa.

Katika uchaguzi wa bunge wa 2014, matokeo ya Mei, chama chake cha Congress kiliambulia viti 44 kati ya 543. Desemba 2017 mahakama maalumu iliwaachia huru washtakiwa wote wa kesi kuu ya leseni zile, na upande wa mashtaka ukakata rufaa. Singh alipofariki tarehe 26 Desemba 2024, akiwa na miaka 92, sentensi yake ya Januari 2014 ilirudi kwenye runinga na magazeti, mengi yakiwa yaleyale aliyokuwa akiyajibu siku ile.